Fundi Anajibu: Filta ya Oili Imegoma Kutoka, Nifanyeje?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kubadili oili mwenyewe nyumbani, na maswali yaliyokuja karibu yote hayaulizi oili, yanauliza filta. Ndo kawaida, oili ukifungua nati inamwagika yenyewe, filta ndo inayokutoa jasho. Kwaiyo leo ni filta mwanzo mwisho, wale wa breki na gia mtuvumilie mtajibiwa toleo lijalo.

Fundi shikamoo. Nina IST ya cc 1490, niliinunua kwa mtu, sio mpya. Jumamosi nikasema nibadili oili mwenyewe, oili nimeimwaga vizuri kabisa ila filta imegoma, nimezungusha kwa mkono mpaka viganja vimechubuka. Jirani ananiambia nichukue bisibisi niitoboe katikati alafu nizungushie hapo. Gari iko juu ya jeki mpaka sasahivi haina oili. Naomba msaada. – Mama wa IST, Kimara

Marahaba mama. Kabla ya filta tuongee kwanza hiyo jeki, maana nimesoma barua yako mara ya pili na sijaona neno stendi popote. Jeki kazi yake kunyanyua, kushikilia sio kazi yake, sili ya ndani ikivuja au gari ikisogea kidogo inashuka na wewe uko chini. Weka stendi mbili za chuma chini ya sehemu ngumu za bodi, matairi ya nyuma yawekee vizuizi, vuta hendibreki, alafu isukume gari kwa mkono uone kama inacheza, hapo ndo uingie. Tofali za simenti usiweke hata kama mtaa mzima wanaweka, zile zinapasuka ghafla haziinami kwanza kukupa taarifa. Kama stendi huna, azima, au tafuta gereji yenye shimo uwape hela kidogo wakuachie ufanye mwenyewe. Na funguo ya gari itoe, weka mfukoni, asije mtoto akawasha injini haina oili.

Sasa filta. Hiyo haijagoma bure, aliyeifunga mara ya mwisho aliibana na spana, na inawezekana mpira wake aliufunga mkavu bila kuupaka oili, injini ikipata moto na kupoa miezi yote hiyo mpira unagandia kwenye chuma. Ila kwanza hakikisha unazungusha upande sahihi, usicheke, ukilala chini ya gari ukanyoosha mkono juu akili inageuka na watu wanaibana zaidi huku wanadhani wanafungua. Ukiwa umelala unaitazama filta tako lake, yaani ule upande uliozibwa, inafunguka kinyume na mshale wa saa.

Kabla ya bisibisi kuna mambo ya kujaribu. Ifute filta nje, oili yote itoke, tumia kitambaa na sabuni ya unga kidogo, maana mara nyingi haijagoma, mkono wako ndo unateleza. Vaa zile glavu za mpira za kuoshea vyombo, au kata kipande cha msasa mkali uizungushie, upande wenye mchanga uangalie bati, alafu shika kwa mikono miwili kama unafikia. Injini ikiwa na uvuguvugu kidogo ni afadhali, sio ya moto, ila ya kwako haina oili, usiiwashe ili ipate moto. Ikikataa, nenda dukani ununue soketi ya filta, ile iliyo kama kikombe inayoingia tako la filta na kushika zile kona zake. Filta ndogo za Toyota nyingi zinachukua ya milimita 65 yenye kona 14, ila usiende kwa maneno yangu tu, nenda na filta mpya uliyonunua uijaribishe palepale kaunta, iingie kwa kubana sio kulegalega. Ipo pia ya mkanda na ya mnyororo, hizo ukitumia zishikishe karibu na injini, pale juu bati lina nguvu kwa sababu limekunjwa kwenye kitako, ile sahani nene yenye nyuzi upande wa injini, ukishika katikati litabonyea tu.

Bisibisi ya jirani sasa. Inafanya kazi, siwezi kukudanganya, mafundi wengi wanaitumia. Shida ni kwamba bati la filta ni jembamba, ukivuta bisibisi badala ya filta kuzunguka bati linachanika kama karatasi, filta inabaki palepale imechanika na gari haiendi popote. Katikati ndo pabaya zaidi, ndani kuna bomba la chuma na juu yake kuna ile skrubu ya injini ambayo filta inajifungia, ukiipiga bisibisi ukaharibu nyuzi zake umejitafutia kazi kubwa. Anayelazimika kutoboa atoboe pembeni, juu karibu na kitako, na awe ameshakubali kwamba sasa hakuna kurudi nyuma. Bati likichanika lote kikabaki kitako peke yake, ni tindo na nyundo kwenye ukingo, unakipiga kwa ubavu upande wa kufungua taratibu, na tindo isiguse uso wa injini ambapo mpira unakaa.

Alafu kuna kitu ambacho jirani hajakwambia. Filta yako ya zamani bado inafanya kazi. Kama imeshindikana kabisa na hujaitoboa, rudisha nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, weka oili mpya, ondoka nayo mpaka gereji wakaifungue kwa vifaa. Utapoteza oili kidogo ikifunguliwa, unaongezea, basi. Ndo maana siku nyingine anza na filta, ilegeze kwanza robo mzunguko uone kama inakubali, alafu ndo umwage oili. Ikigoma hapo gari yako bado ina oili na unaenda nayo kwa fundi huku umekaa.

Fundi habari za kazi. Naendesha gari ya abiria wa mtandaoni, nimebadili oili na filta mwenyewe, kuwasha tu oili ikamwagika chini yote kama bomba limepasuka. Filta nimeibana sana tena na spana. Nimeuziwa filta feki? – Dereva, Mwanza

Nzuri kaka. Inawezekana ni feki lakini mimi nakwambia kaangalie kitu kingine kwanza. Ichukue ile filta ya zamani uliyoitoa, igeuze, tazama uso wake. Mpira wake wa duara upo? Kama haupo, umebaki kwenye injini, na wewe umefunga filta mpya juu yake, sasa iko mipira miwili imelaliana. Mipira miwili haikai, hapo kwenye kitako kuna kijishimo cha mpira mmoja tu, pampu ya oili ikianza kusukuma ule wa pili unachomoka pembeni na oili yote inaondoka kwa dakika chache. Ukibana zaidi ndo unaufukuza zaidi. Hii kitu inatokea kwa mafundi wa miaka na miaka, inatokea sana kwa filta iliyobanwa kupita kiasi kwa sababu ndo inayoacha mpira.

Kwaiyo zima hiyo gari, usijaribu kuwasha tena uone. Toa filta, pitisha kidole kwenye uso wa injini mzunguko mzima, usitegemee macho, mpira mweusi kwenye chuma chenye oili nyeusi gizani huuoni hata ukiwa na tochi. Ukiupata ubandue, futa kwa kitambaa kisafi kisichoacha nyuzi. Filta uliyoibana na spana iangalie, kama mpira umechanika au bati limebonyea usiirudishe, nunua nyingine.

Kufunga sasa ndo hivi. Chovya kidole kwenye oili mpya, paka mpira wa filta mzunguko wote mpaka ung'ae. Weka filta kwenye skrubu, zungusha taratibu kwa vidole, ianze yenyewe bila kulazimisha, ikianza upande ikawa ngumu mapema rudisha nyuma uanze upya. Ikifika mpira ukagusa chuma utasikia, inashika. Hapo chukua maka piga mstari kwenye bati, alafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Basi. Toyota wenyewe kwa filta zao za kuzungusha maelekezo ndo hayo, na filta nyingi zimechorwa kwenye boksi au kwenye bati lenyewe, soma hiyo ya kwako maana zipo zinazosema mzunguko mzima. Spana ya kubania iache kwenye boksi lake. Watu wanadhani filta inashikwa na nguvu, inashikwa na mpira uliolowa oili na uso msafi, presha ya oili haiizungushi ifunguke.

Ukimaliza weka oili, washa, usikanyage mafuta, taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache. Mtu mmoja abaki kwenye usukani, wewe chungulia chini na tochi. Pakiwa pakavu zima, subiri dakika kadhaa oili irudi sampo, ndo upime kwenye dipstiki. Utakuta imeshuka kidogo, usishtuke, filta mpya imejaza tumbo lake. Mfano ile injini ya 1NZ ya kwenye IST na Vitz inachukua kama lita 3.7 ukibadili na filta, bila filta kama 3.4, hiyo tofauti ndo iliyoko ndani ya filta.

Mambo fundi. Nimekosa filta ya Vitz nikachukua ya Honda Fit, muuzaji kaniambia zote saizi moja. Kweli imeingia, tena kirahisi. Iko sawa? – Kijana wa Morogoro

Poa mdogo wangu, haiko sawa, na neno lililonitisha ni hilo "kirahisi". Itoe leo.

Toyota filta zake hizi nyuzi zake ni za inchi, robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05 kwa upana, nyuzi 16 kwa inchi. Honda ni za milimita, upana 20, na nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita moja na nusu. Ukipiga hesabu, nyuzi 16 kwa inchi inakuja milimita 1.59 hivi. Umeona balaa lake? Zimekaribiana mno. Filta ya 20 inapita juu ya skrubu ya 19, inazunguka, inafika mpaka mpira unagusa, na wewe unaona imefunga vizuri kumbe imeshikwa na ncha ncha za nyuzi tu. Siku moja asubuhi injini ya baridi, oili nzito, presha inapanda juu, inachomoka. Kinyume chake ni afadhali, ya Toyota kwenye Honda haiingii, unajua mapema.

Kujua ni rahisi. Filta sahihi ukiizungusha nyuzi chache tu, kabla mpira haujagusa, ukiitikisa kushoto kulia inatulia. Isiyo sahihi inacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita. Subaru na Mitsubishi nyingi nazo ni za milimita 20, kwaiyo duka la spea likikwambia "hii inaingia gari zote" chukua ile ya zamani, weka mdomo kwa mdomo na mpya, linganisha upana wa mpira, na kama unajua namba ya filta andika kwenye simu yako ukae nayo.

Hapohapo nijibu na wale wanne waliouliza feki wataijuaje, kwa kweli kwa macho tu feki nzuri inapita. Mimi naangalia ndani ya vile vitundu vidogo vinavyozunguka tundu kubwa, kuna mpira mwembamba unaovifunika kwa ndani, sukuma kidogo na kitu butu safi, urudi wenyewe. Huo ni valvu ya kuzuia oili isirudi sampo gari ikizimwa. Kama haupo au umelala, filta ikikaa ubavu au kichwa chini oili inashuka yote usiku, asubuhi ukiwasha injini inagonga kwanza ndo inatulia. Wengine wanasema ukiwa wa rangi ya chungwa ni orijino ukiwa mweusi ni feki, sio kweli, ile ya chungwa mara nyingi ni silikoni inastahimili joto zaidi, nyeusi ni mpira wa kawaida, na filta halali nyingi tu zinatumia mweusi. Tazama nyuzi pia, ziwe zimekatwa safi, zisiwe na vichipsi vya chuma. Nimeshaona filta mpya kwenye boksi linalong'aa ina vumbi la chuma kwenye nyuzi, hiyo unaipeleka ndani ya injini kwa mkono wako mwenyewe.

Fundi, mzee wangu ananiambia filta ni biashara ya wauza spea, eti yeye Volkswagen yake aliendesha miaka haina filta kabisa na injini haikufa. Nimebishana naye mpaka tumenuniana. – Kijana wa Pongwe, Tanga

Kamwombe radhi mzee kwanza, kwa Volkswagen yake anasema kweli. Zile Beetle za injini ya nyuma inayopozwa na upepo hazikuwa na filta ya karatasi, zilikuwa na chujio la wavu wa chuma chini ya sampo, unalifungua na kuliosha na petroli unalirudisha. Oili yenyewe ilikuwa lita mbili na nusu tu. Lakini muulize vizuri alikuwa anabadili oili kila baada ya kilometa ngapi, atakwambia mapema tu, kama kila elfu tano hivi, na hiyo ndo ilikuwa filta yake, uchafu unatoka na oili. Magari ya zamani zaidi hata huo ufundi wa kuchuja hayakuwa nao, filta za oili za magari zilianza kule Marekani miaka ya 1920, ile iliyoitwa Purolator ni ya 1923.

Injini za sasa ni habari nyingine. Chukua yenye VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka, oili haipaki tu vyuma, ndo inayosukuma ile gia ya kamshafti, chuma kinachofungua valvu, ili muda ubadilike, inapita kwenye valvu ya umeme yenye njia nyembamba na kichujio kidogo sana, uchafu ukienda pale gari inaanza kukosa nguvu na taa ya injini inawaka, na watu wanabadilisha plagi mpaka wachoke.

Na kuna jambo moja linalofanya hata wasiobadili filta waone wako sawa. Ndani ya filta, na kwenye baadhi ya injini nje yake, kuna valvu ya kupitisha oili pembeni, karatasi ikiziba valvu inafunguka, oili inapita bila kuchujwa, maana afadhali injini ipate oili chafu kuliko ikose kabisa. Kwaiyo gari haizimi, taa haiwaki, haikwambii chochote, inakula uchafu wake kimyakimya. Japani wana desturi ya kubadili filta kila oili ya pili, sawa, kule barabara ni lami na gari wameinunua mpya wanajua historia yake. Wewe unaendesha huku kwetu na vumbi lote hili, na gari umeipokea haijulikani ilikuwa inalishwa nini. Badili kila unapobadili oili. Ukiiacha ya zamani hata oili mpya inaanza safari na ile chafu iliyobaki tumboni mwa filta.

Salamu fundi kutoka Houston. Huku nina Corolla ya 2010, nimelala chini natafuta kopo la filta silioni, kuna kitu kama kifuniko kikubwa cha plastiki. Wenzangu wananiambia peleka dukani tu. – Ndugu yenu wa Houston

Ndugu yangu hilo kopo hutaliona, injini yako ya 2ZR filta yake ni ile ya karatasi tupu inayokaa ndani ya nyumba yake, hicho kifuniko ndo nyumba yenyewe. Prius nyingi zinazoingia huku kwetu kuanzia zile za 2010 ni hivyohivyo, kwaiyo jibu hili na wa huku mlisome.

Katikati ya kifuniko kuna plagi ndogo yenye tundu la mraba, racheti ya inchi 3/8 inaingia bila soketi. Fungua hiyo kwanza, na kwenye boksi la filta mara nyingi unakuta kijibomba cha plastiki, kisukume pale oili imwagike kwa ustaarabu bila kukulowesha mpaka kwenye kiwiko. Ndo ufungue kifuniko chenyewe kwa soketi yake ya kikombe, usitumie mnyororo wala plaizi, plastiki ile inapasuka na hapo kweli utaenda dukani. Toa karatasi ya zamani, futa ndani. Oringi kubwa, ule mpira wa duara wa kuzuia kuvuja, iko kwenye mfereji wa kifuniko, itoe kwa kuifinya na vidole mpaka ijinyanyue, ukiichokoa na bisibisi unachora mfereji na utavuja milele. Filta mpya inakuja na oringi mbili, kubwa na ndogo ya ile plagi, badili zote, zipake oili. Angalia kubwa ikae mfereji wake hasa, sio juu ya nyuzi.

Kubana hapa tofauti na filta za kopo, hapa kuna namba, nyutoni mita 25 kwa kifuniko, mara nyingi imeandikwa palepale kwenye plastiki, na plagi ndogo ni karibu nusu yake. Spana ya kupima nguvu huko kwenu rahisi kupata, nunua. Oili ni kama lita 4.2. Na nyie mna bahati, maduka kama AutoZone na O'Reilly yanapokea oili chafu bure, mimina kwenye galoni uwapelekee.

Fundi niaje. Nina Forester ya 2006, filta iko karibu na ekizosi, niliungua mkono mpaka nikaacha. – Dereva wa Forester, Nairobi

Pole sana bro. Injini hiyo ya EJ filta imezungukwa na mabomba ya moto, na mabomba yanakaa na joto muda mrefu kuliko oili. Sio lazima oili iwe ya moto ndo itoke, iendeshe gari dakika tano, zima, kanywe chai kabisa, rudi. Vaa glavu ndefu na shati la mikono mirefu. Faida yake moja ni kwamba filta hiyo mdomo unaangalia juu, unaweza kuijaza oili mpya kabla ya kuifunga, injini inapata oili mapema ukiwasha. Mimina kwenye vitundu vya pembeni, sio tundu la katikati, la katikati ndo upande wa oili iliyokwisha chujwa na kitakachoingia hapo kinaenda moja kwa moja kwenye beringi. Wenye filta inayolala ubavu msijisumbue kujaza, itawamwagikia usoni. Subaru wenyewe walisikia kilio chenu, injini za FB kuanzia Forester za 2011 filta imepandishwa juu, unafungua boneti unaiona.

Fundi, nimefungua filta ya Noah ikatoka na ile skrubu ya injini imo ndani ya filta. Nimeua injini? – Baba wa Noah, Dodoma

Hujaua mzee, inatokea, ni matunda ya aliyeibana mno. Bana filta ya zamani mahali, tafuta nati mbili zinazoingia kwenye nyuzi za skrubu, zifunge zote mbili upande ulio wazi uzikaze moja kwa nyingine zigombane, alafu zungusha ile ya ndani na spana, skrubu itatoka. Usiishike nyuzi na plaizi tupu, ukiziumiza filta mpya haitapanda. Isafishe, irudishe kwenye injini mpaka ifike mwisho na ikaze kwa kiasi, hakikisha upande uliokuwa ndani ndo unaorudi ndani, maana nyingine pande mbili hazilingani. Kama nyuzi zimeshalika peleka kama sampuli upate mpya, usilazimishe.

Oili chafu na filta niliyotoa nivipeleke wapi? Nyumba yetu ina kisima. – Dada wa Bagamoyo

Dada umeuliza swali ambalo wanaume wote hapo juu hawakuuliza. Mbali na kisima, na mbali na mtaro pia. Filta usiitupe ikiwa imejaa, itoboe tako kwa msumari, igeuze mdomo chini juu ya beseni uiache mpaka kesho yake, utashangaa oili inayotoka. Zote mimina kwenye dumu lenye kifuniko, lile la oili mpya uliyonunua linatosha, andika OILI CHAFU kwa maka isije ikachanganywa na kitu cha jikoni, alafu peleka gereji kubwa au kituo cha mafuta wenye pipa la oili chafu, wengi wana watu wanaokuja kuinunua. Najua watu wanaipaka kwenye nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa, karibu na kisima usifanye hivyo, mvua itairudisha kwenye maji yenu. Na mikono ioshe na sabuni mara tu unapomaliza, usikae nayo mpaka jioni, oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara ina madhara, ndo maana mimi kijana wangu wa gereji asiye na glavu simpi spana.